Mwalimu Mkuu Asiyekuwa na Bakuli

Palikuwa na mwalimu mkuu mmoja, mwanamke, ambaye hakuwa na bakuli.

Aliitwa Tusekile. Shule yake ilikuwa mlimani, juu ya mto, mahali ambapo mvua hunyesha miezi mingi na kuni hazikauki upesi. Kabla yake shule iliongozwa na wanaume, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja wao alikula katika bakuli moja la bati lenye kifuniko. Ilipofika saa ya chakula cha mchana, mpishi alilijaza bakuli hilo makande kabla ya kumpakulia mtoto yeyote, akalifunika, akalipeleka ofisini. Hakuna aliyeona ajabu. Mwenye kuongoza lazima ale, watu walisema, maana akianguka yeye tumeanguka wote.

Katika nchi ile kulikuwa na desturi. Mwalimu mkuu mpya, siku yake ya kwanza, hushika upawa kwa mkono wake mwenyewe na kuwapakulia watoto, ili waone kwamba aliyeletwa kuwaamuru ameletwa pia kuwalisha. Akimaliza huketi, akala mbele ya watu wote. Akishakula, humrudishia mpishi upawa wake. Hapo ndipo wazee husema, amepokelewa.

Tusekile alishika upawa. Alipakua kwa haki, mtoto wa mwenyekiti sawa na mtoto yatima, mpaka sufuria ikabaki na ukoko tu. Bakuli la kifuniko lilikuwa limewekwa mezani, limejaa, likimsubiri. Alikuwa anakwenda kuketi alipotokea mtoto kutoka ng'ambo ya mto, sketi imelowa mpaka kiunoni. Mtoto alikuwa amechelewa kwa sababu maji yalijaa. Tusekile alimtazama mtoto, akalitazama bakuli, akampa. Hakufikiri mara mbili, na nani angefikiri? Kwa siku ile lilikuwa jambo jema.

Mzee Lusajo, mwenyekiti wa kamati ya shule, alisimama kwenye benchi la wageni. "Mmeona?" alisema. "Huyu si mwalimu, huyu ni mama!" Wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ombe waliokuwa malishoni wakainua vichwa.

Kesho yake mpishi, Mama Lugano, alimwuliza taratibu, "Mwalimu, nikuwekee?" Tusekile aliitazama foleni ya watoto. Akawaona pia wazazi waliokuwa wamesimama kando ya uzio, waliokuja kumwona mwanamke aliyepewa shule. Alijua wanachokisubiri. Akila watasema, kumbe ni wale wale. Akichoka watasema, tulijua, mwanamke. Kwa hiyo alisema, "Wape watoto kwanza, mama. Nitakula baadaye." Siku iliyofuata alisema hivyo hivyo. Baada ya hapo Mama Lugano hakuuliza tena. Muhula haujakwisha, bakuli la bati lilikuwa linatiwa chumvi, na kifuniko chake kilikuwa kimeziba tundu la panya.

Na alifanya kazi. Hilo lazima lisemwe, tena kwa sauti, maana wapo wanaosimulia jinsi mtu alivyochoka wakasahau kusimulia alichokijenga. Alikuta darasa la juu lina wasichana wa kuhesabika, akaenda nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliopotea. Alimkuta mmoja anachunga ng'ombe, mwingine analea mtoto wa kaka yake, mwingine ameshatajiwa jina la mume. Hakugombana na wazazi. Aliketi jikoni na mama zao, akamenya viazi pamoja nao, na alipoinuka kuondoka, msichana aliinuka naye. Alijenga chumba cha wasichana cha kunawia, chenye mlango na komeo kwa ndani, na kwa sababu ya komeo lile wasichana hawakubaki tena nyumbani siku zao zilipofika. Alifundisha hesabu darasa ambalo halikuwa na mwalimu. Upepo ulipong'oa paa, mkono wa kwanza kushika bati ulikuwa wake. Shule iliyokuwa ikitajwa kwa kicheko ikawa shule ambayo watu wa mbali waliiulizia njia. Hakuna aliyewahi kuipenda shule ile kama yeye.

Lakini upawa hakuurudisha. Desturi ilisema upawa hurudishwa baada ya kula, naye hakuwa amekula, basi Mama Lugano aliona haya kuuchukua mkononi mwake. Kila mchana Tusekile alisimama mbele ya sufuria, mvua ikinyesha, moshi ukimwingia machoni, akapakua mpaka mtoto wa mwisho. Na vitu vingine viliufuata upawa. Funguo za stoo zilikuja kwake, kisha mtoto mwenye homa, kisha ugomvi wa walimu wawili juu ya kiti, kisha mzazi aliyelewa. Mtu akiuliza, "Leo zamu ya nani?" walimu walijibu bila kuinua macho, "Mkuu yupo." Na kweli alikuwepo. Mahindi ya wazazi yalipopungua, na kila muhula yalipungua kidogo, alichuma maharage katika shamba lake mwenyewe akayatia katika sufuria, wala hakumwambia mtu.

Watu wakaanza kuamini jambo ambalo hawangeliamini kwa mtu mwingine yeyote.

"Yule mama hali," alisema mwanamke mmoja wakisubiri unga mashineni.

"Anakula kwake," alisema mwenzake.

"Saa ngapi? Jogoo akiwika yuko shuleni, kuku wakilala yuko shuleni. Hali, nakwambia. Kaumbwa hivyo."

"Ningeomba mume wangu naye aumbwe hivyo, nipumzishe mwiko."

Walicheka, na katika kicheko chao mlikuwa na fahari. Wakikutana na watu wa kijiji cha jirani waliwauliza, "Mwalimu wenu anakula? Wetu hali!" Hawakuwa watu wabaya. Walimpenda. Ila walimpenda kama mtu anavyoupenda mti wa matunda ambao hajawahi kuumwagilia maji.

Ndani yake yeye mambo yalikuwa mengine. Furaha ndiyo iliyoondoka kwanza, kimya kimya, na nguvu zikabaki nyuma kidogo kama mgeni asiyejua kuaga. Tumbo lilianza kumchoma. Alijifunza kusimama mkono mmoja umeshika upawa na mwingine umeshika kiuno. Watoto waliomkimbilia zamani kumwamkia aliwajibu kwa mkato, kisha alijuta, kisha alikuwa amechoka mno hata kujuta. Jioni, watu wakishatawanyika, alikwangua ukoko wa sufuria akautafuna akiwa amesimama. Alijiambia kwamba hii ndiyo gharama. Alijiambia kwamba wasichana wanamtazama, na kwamba wakimwona amesimama bila kuyumba watajua mwanamke anaweza. Neno hilo ndilo lililokuwa chakula chake.

Ng'ambo ya mto waliishi watoto wengi waliosoma kwake. Mto ule ulivukwa kwa gogo, na masika yakija gogo lilichukuliwa na maji, na watoto wa ng'ambo walikaa nyumbani mpaka mvua ikatike. Wavulana wengi walirudi baadaye. Wasichana wengi hawakurudi. Miongoni mwa watoto wa ng'ambo waliokuwa wakirudi bado alikuwa Gwantwa, mtoto mwepesi wa hesabu na mwepesi wa kucheka, ambaye baba yake alikuwa ameanza kusema, "Mto huu haumtaki mtoto wangu shuleni. Mwaka kesho abaki asaidie nyumbani." Tusekile alisikia neno hilo, na lilimwingia kuliko njaa.

Kwa hiyo kwa muda mrefu aliwahimiza watu wa ng'ambo wajenge shule yao, nao walichoma matofali, wakainua kuta, wakaezeka. Afisa elimu wa kata akaja, akaikagua, akasema, "Majengo yapo. Nipeni mtu wa kukaa huku na kuiongoza, nitaifungua mwezi wa kwanza. Msiponipa, itangoja mwaka mwingine." Watu wa ng'ambo wakasema kwa sauti moja, "Tupeni mwanamke kama Tusekile." Afisa akamgeukia Tusekile. "Umesikia, mama. Una walimu wanawake hodari. Niletee jina."

Tusekile alirudi akiwa mwepesi kama msichana. Alijua jina. Mwalimu Bupe, msaidizi wake, alikuwa mwenye akili, imara, mwenye sauti ambayo darasa lilinyamaza kuisikiliza. Aliiona njia yote imenyooka. Bupe atavuka, shule itafunguliwa, Gwantwa hatavuka mto tena.

"Hapana, dada," alisema Bupe.

"Hapana nini? Hata sijamaliza kusema."

"Najua unachotaka kusema. Mimi niache nifundishe. Hiyo kazi wamezaliwa nayo watu kama wewe."

"Watu kama mimi ni watu gani?"

Bupe alitazama chini. "Dada, mimi ni mtu wa kusikia njaa," alisema, akaondoka kabla hajaulizwa zaidi. Tusekile aliwauliza walimu wanawake wengine. Mmoja alimtaja mumewe, mwingine aliitaja miguu yake, na wote walimpa mkono kwa heshima kubwa, wakimsifu, wakirudi nyuma. Afisa elimu alikuwa amesema jina limfikie kabla ya mwisho wa mwezi. Mwezi ulikuwa umepita nusu. Tusekile hakuelewa. Miaka yote ile alikuwa amesimama ili wanawake waone kwamba inawezekana, na sasa wameona, na hakuna hata mmoja aliyetaka.

Mchana mmoja wa mvua nyepesi alipita nyuma ya stoo kutafuta kuni kavu, akasikia sauti za wasichana wadogo. Walikuwa chini ya ukingo wa paa, wanacheza shule. Walikuwa na makopo yenye tope, na majani kuwa mboga, na kijiti kuwa upawa. Alisimama nyuma ya kona akitabasamu, maana aliwahi kucheza hivyo alipokuwa mdogo, na enzi zile waligombea kuwa mwalimu mkuu mpaka wakavutana nywele. Aliona wasichana wamejipanga mstari. Mmoja akasema, "Haya!" nao wakakimbia mpaka mchongoma na kurudi, wakisukumana, wakipiga kelele, kila mmoja akiikimbia nafasi ya mwisho kama anayekimbia nyuki. Gwantwa aliteleza kwenye matope. Akafika wa mwisho.

Wenzake waliruka wakapiga makofi. "Umeshindwa, Gwantwa! Wewe ndiye mkuu! Simama, usile!"

"Jana pia nilikuwa mimi!" alilia Gwantwa. "Sitaki!"

"Hata! Aliyeshindwa ndiye mkuu. Shika upawa."

Gwantwa akakichukua kijiti. Akaweka mkono mmoja kiunoni, akakunja uso, akayumba kidogo, akasema kwa sauti nzito ya uchovu, "Wape watoto kwanza. Nitakula baadaye." Wenzake wakaanguka chini kwa kicheko, kisha wakaketi kwa raha na makopo yao, wakawa wanakula tope kwa midomo mitupu, na yeye akasimama akiwatazama.

Tusekile hakujitokeza. Aliegemea ukuta wa stoo. Alikuwa amefikiri anawafundisha wasichana wale kupanda. Kumbe alichowafundisha ni kwamba kule juu ndiko anakopelekwa aliyeshindwa mbio.

Kesho yake kengele ya chakula ilipolia, alikwenda jikoni na bakuli mkononi. Lilikuwa bakuli la kawaida la plastiki, la nyumbani kwake. Alipakua katika sufuria, kwa upawa ule ule, akajiwekea kabla ya mtoto yeyote, kipimo kile kile cha kila mtu. Kisha akamnyooshea Mama Lugano upawa. Mama Lugano alirudi nyuma kama aliyepewa nyoka.

"Mwalimu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama. Chukua. Mkono wangu umechoka."

Akavuta benchi, akaketi mahali ambapo kila mtoto angemwona, akala. Nawaambia, kuezeka paa lile hakukumgharimu ujasiri aliouhitaji kupeleka tonge lile la kwanza mdomoni. Foleni ilipofika mwisho, sufuria ilikuwa imekwisha na watoto wa ng'ambo walikuwa bado wamesimama na makopo matupu. Tusekile akawaona. Zamani angewapa bakuli akainuka. Safari hii hakuinuka. Aliwaita waketi naye, wakala wote katika bakuli moja mpaka likaisha, naye akala pamoja nao, tonge kwa tonge, na wote wakaondoka na njaa nusu. Siku iliyofuata ilikuwa hivyo tena. Na maharage ya shamba lake hakuyaleta.

Habari zilifika mashineni kabla ya unga kusagwa.

"Mmesikia? Siku hizi anakula!"

"Nani?"

"Mkuu! Tena anaketi, na watoto wamesimama."

"Kumbe na yeye ana tumbo. Nilisema mimi, cheo kikikaa sana huota meno."

Wazazi wakaja shuleni wakiwa na hasira, na Mzee Lusajo akiwa mbele yao. Walimkuta Tusekile kwenye benchi lake. Alikuwa ametoka darasani, na hakusimama kuwapokea kama alivyozoea. Aliwaamkia wazee akiwa ameketi, kwa heshima yote, akawaomba nao waketi. Walimu walisogea kusikiliza. Bupe alisimama mlangoni pa ofisi, amekunja mikono.

"Mwalimu," alisema Mzee Lusajo, "sisi tunakuheshimu. Lakini miaka yote chakula hiki kimetosha. Leo umeanza kula wewe, watoto wanakosa. Tuseme nini?"

"Tuseme ana minyoo!" mtu alidakia kutoka nyuma, na wachache wakacheka.

Tusekile alingoja kicheko kiishe. Hakuwa na hasira. Alisema polepole, kama anayefundisha hesabu ambayo darasa limeikosea kwa muda mrefu.

"Hakikutosha, mzee. Njaa yangu ndiyo iliyotosha."

Akawaeleza basi, kwa maneno machache, jinsi mahindi yao yalivyopungua muhula hadi muhula, na maharage yalitoka wapi, na kwa nini hakuna aliyeona. Hakuwashtaki. Alisema yeye mwenyewe ndiye aliyelificha pengo, kwa kusimama juu yake kila mchana. Kisha akawaambia kuhusu mchezo wa wasichana. Baba yake Gwantwa, ambaye alikuwa amevuka mto asubuhi ile kuja kulalamika kama wengine, alivua kofia akaishika mikononi.

Mzee Lusajo aliketi kwenye benchi kando ya Tusekile. Alisema, "Waliokutangulia tuliwapa chakula. Wewe tukakupa vigelegele." Akatazama mikono yake. "Na tuliona tumekutendea mema zaidi."

Nisingependa mtu adhani mambo yalinyooka siku ile. Mwanamke mmoja alisema wazi kwamba alimpenda mwalimu jinsi alivyokuwa zamani, na hakuja tena kumsalimu. Wapo walioleta mahindi kesho yake wakayatua kwa kishindo. Lakini waliyaleta. Walimu waligawana zamu ya upawa, na wiki ya kwanza walipakua vibaya, wengine wakijaza, wengine wakipunja, mpaka Mama Lugano akawapigia kelele kama watoto. Funguo za stoo zilipata mtu mwingine. Tusekile alikwenda hospitali kuhusu tumbo lake, akaambiwa apumzike, akacheka, kisha akapumzika. Lilichukua muda kupona. Ila siku moja watoto walimkimbilia langoni kumwamkia, akajikuta amewajibu mmoja mmoja kwa majina, na hakukumbuka ni lini furaha ilirudi.

Hayo yalikuja baadaye. Mwezi wenyewe ulikuwa bado haujakwisha Bupe alipomjia pale kwenye benchi. Aliketi pembeni yake bila kukaribishwa, na bakuli lake mapajani, akala kidogo kabla ya kusema.

"Ile shule ya ng'ambo imeshapata mtu?"

"Bado."

"Wakinipa mimi, nitakuwa mkuu anayekula."

"Ukila watasema, Bupe. Watasema sana. Ningekudanganya nikikwambia hawatasema."

"Waseme." Bupe alitafuna, akameza. "Na nikichoka nitasema nimechoka. Na zamu zitagawanywa tangu siku ya kwanza. Na sitakuwa wewe, dada. Nakupenda, lakini sitakuwa wewe."

"Nenda basi," alisema Tusekile. "Nilikuwa namtafuta mtu asiye mimi, ila sikujua."

Jina lilipelekwa kwa afisa elimu kabla ya mwisho wa mwezi. Shule ya ng'ambo ilifunguliwa mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimeshaanza na gogo limeshachukuliwa na maji. Asubuhi ile baba yake Gwantwa alitoka naye mlangoni kwa mazoea, akageukia upande wa mto, kisha akakumbuka, akamshika bega akamgeuza upande wa pili. Gwantwa alifika darasani na miguu mikavu. Upande wa huku, juu ya mlima, Tusekile aliisikia kengele yao ikilia kwa mara ya kwanza. Alikuwa anakunywa chai. Hakuinuka. Aliisikiliza mpaka ikanyamaza, akamalizia chai yake, akaenda kufundisha.

Watu wa pande zote mbili za mto bado wanamsimulia Tusekile kwa heshima, na wanastahili kumsimulia. Nami nawauliza ninyi mnaomsifu mwanamke kwa uvumilivu wake: hicho anachokivumilia, ni nani kati yenu anayekileta?